Kuku wa Kufungua Kinywa

Kila Glody alipopiga hodi kwa akina Firmin, katika mtaa wa Kikula, Likasi, mama mkwe wake mtarajiwa alivuta kikwembe toka begani akakibana mdomoni kabla hajamjibu. Alimpokea hivyo, akamletea kiti hivyo, akamuuliza habari za kwao hivyo, macho chini na nusu ya uso ndani ya kitambaa. Hakuwahi kula mbele yake hata punje. Glody akirudi huko anakonunulia mawe ya madini aliwasimulia wenzake kwamba amepata bahati.

"Mama ule eko na heshima ya buko ya kweli," alisema. "Ata ku kijiji habafanyake tena vile."

Heshima! Haya, tuseme ukweli mapema. Mama huyo, Colette, alimheshimu kijana, hilo hakuna wa kulibisha, na kwao ni kweli mama haonyeshi kinywa mbele ya muko wake, yaani mkwe, mpaka siku atakapofunguliwa. Lakini wanawake wengi wa Likasi desturi hiyo wanaishika leo, kesho wameisahau. Colette hakuisahau hata siku moja, kwa sababu hakuwa na meno ya mbele.

La kwanza lilimuuma akiwa na mimba ya Jaël, binti yake wa kwanza. Kuliziba kungetaka safari za mjini, leo njoo kesho njoo. Kuling'oa kulimalizika asubuhi moja kwenye dispensari ya jirani. La pili likafuata njia hiyo hiyo. Mengine mawili yalivunjika yenyewe, yakabaki mizizi tu ndani ya ufizi, myeusi, na ilikuwa ikivimba kila majira ya baridi. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kwamba Colette awe kibogoyo. Kila mara palikuwa na jambo la haraka zaidi: shule, mabati, kilio cha mtu.

Na kinywa kikishaanza kuondoka, huondoka na mambo mengi. Aliacha nyama, kisha karanga, kisha mahindi ya kuchoma ambayo aliyapenda kupita kiasi. Mdomo wa juu ukaingia ndani. Maneno yakaanza kumtoka na upepo, hata jina la Yesu, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya. Akasema koo linamsumbua, akahamia benchi la nyuma, na baadaye akaacha kwaya kabisa. Sokoni, alikouza mikate ya kukaanga, hakuita tena wateja. Alinyoosha kidole tu kwenye beseni, na wateja wakaenda kwa jirani yake aliyekuwa na mdomo. Siku hizi alicheka kwa pua.

Siku hiyo Glody hakukaa sana. Alisimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama, baba banasema ile samedi ya kisha hii inayokuya, batakuya na kuku," alisema. "Batu bote batakuya. Mama yangu naye."

"Mubarikiwe," Colette alijibu ndani ya kikwembe. Alipofunga mlango, alihesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka Jumamosi hiyo.

*

Kuku huyo anajulikana. Wazee wa ukoo wa Colette humwita kuku wa kufungua kinywa. Upande wa kijana huleta jogoo mzima. Shangazi wa binti humchinja, na firigisi hupikwa peke yake, bila kukatwa. Kijana hupiga magoti, humpa mama mkwe firigisi ile kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Mama hushusha kikwembe, hutafuna, humeza, halafu hutoa baraka. Kuanzia hapo wataongea na kula pamoja bila kufichana. Lakini firigisi ikirudi nje, hata kwa bahati mbaya, mama amemkataa muko. Watu hukunja mikeka, wakaenda zao.

Jioni ile Firmin, mume wa Colette, alikuwa uani, amepindua baiskeli ya mteja, mmoja wa wale wanaoteremsha makaa kutoka vijijini. Dada mkubwa wa Colette, Yaya Julie, alikuwa amekuja kupanga mapishi.

"Ile firigisi nitaitafuna minye," Julie alisema. "Desturi inakubali. Mama akiwa mugonjwa, yaya yake anatafuna mu fasi yake."

"Minye siko mugonjwa."

"Sema tu uko mugonjwa. Nani atakuangalia?"

"Bote, Yaya. Bote bataniangalia. Halafu batasema roho ya mama haikukuwa mule, alituma muntu." Colette alikuwa akichambua lengalenga bila kuinua macho. "Hauone Mamie? Ule mama ya Glody? Kwanza eko na meno kama mahindi mabichi. Akicheka, soko yote inamuangalia. Minye nitafungula kinywa mbele ya ule?"

Mamie huyo aliuza vikwembe vya bei kwenye soko la Kikula, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kwa sauti. Colette alikuwa akimpitia mbali.

Firmin aliendelea kuzungusha gurudumu. Alikuwa mtu mwema, Firmin, na watu wema wana kosa lao: wakiona jambo linauma, hulinyamazia wakidhani ndiyo huruma. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkewe neno lolote juu ya meno yake. Colette alichukulia kimya kile kuwa kinyaa.

Jaël alitoka ndani na ndoo. Binti mzuri, mwenye haraka, na harusi ilikuwa imemjaa kichwani mpaka pomoni.

"Mama," alisema, "ile siku usicheke sana, eh? Meza tu, kiisha ufunike."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na hofu tu ya msichana anayejua watu wanavyosema. Julie alimkaripia, "We mutoto!" lakini neno lilikuwa limeshatua. Colette alicheka kwa pua, akasema hakuna shida, akainuka kwenda kuosha mboga ambazo alikuwa amekwisha kuziosha.

*

Jumatatu alikwenda mjini kwa daktari wa meno. Alivaa vizuri kama mtu aendaye kanisani. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimlaza kwenye kiti, akamwashia taa usoni, akamwambia afungue kinywa, na Colette akafungua akiwa amefumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kuangalia mle ndani. Machozi yakamtoka kwa aibu, yakaelekea masikioni.

"Haya mizizi itatoka kwanza," daktari alisema. "Kiisha bufizi bupumuzike, bupone. Njo tutakamata empreinte, alama ya kinywa, tutatuma ku Lubumbashi, batakutengenezea apareyi, meno ya bandia ya kuweka na kutoa. Usiku unaitoa, unaiosha, unaiweka mu maji."

"Na ile ya kukamata moja kwa moja? Ile haitokake?"

"Iko pont, daraja ya meno. Tunaifunga ku meno ya kando. Lakini ya kwako ya kando inatikisika, mama, haitabeba muzigo. Iko tena ya kupanda mu mufupa. Ile ni juu sana, na mufupa yako imeanza kuisha. Jino ikitoka, mufupa yake nayo inakuya kukonda, njo maana mudomo inaingia." Daktari akataja bei kwa dola. Colette alizisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari za ng'ambo. Ile ya kuweka na kutoa tu ndiyo ilimfanya akaze mkono kwenye mkoba. Kwa kubana sana, kwa kuuza redio ya Firmin, ingewezekana.

"Hii samedi itakuwa tayari?"

"Samedi? Mama, ata miezi mbili ni mbio. Nikiweka juu ya kidonda, itakuumiza bure." Akampa kioo kidogo aone mwenyewe. "Ungekuya mbele, vraiment."

Ungekuja mapema! Watu wa Kikula wameambiwa hivyo kwenye kila dirisha na kila mlango, na bado hakuna aliyewaeleza wangekuja na nini. Colette aliangalia kioo. Akamwona marehemu mama yake, wa siku zile za mwisho, amemkodolea macho. Akarudisha kioo, akashukuru, akasema atarudi. Daktari aliamini kwamba atarudi, akamwandikia hata dawa ya mizizi. Nje, Colette alivuta kikwembe mdomoni ingawa hapakuwa na mtu wa kumjua.

*

Nyuma ya soko palikuwa na mtu aliyeitwa Ruphin. Zamani alikuwa msaidizi wa fundi wa meno, akiosha vyombo na kuchanganya plasta, na kwa kuangalia tu akajifunza nusu ya kazi. Nusu hiyo ndiyo aliyoiuza. Meno ya kila ukubwa alikuwa nayo kwenye kopo la maziwa, na alimchagulia Colette manne kwa kuyalinganisha kwenye mwanga wa mlangoni kama muuza vitambaa.

"Mizizi tunaiacha," alisema. "Inasaidia, inasukuma midomo mbele kidogo."

Akamfanya aume nta, akachanganya unga wa rangi ya waridi, akasema kesho. Kesho yake umeme ulikatika kabla kazi haijaiva, akaimalizia kwenye sufuria juu ya makaa, akikadiria joto kwa kidole. Alipomvalisha Colette, ndoana mbili za waya zilishika meno ya kando, moja huku, moja kule. Zilibana. Ufizi uliwaka moto juu ya mizizi ile.

"Mama, sikia muzuri," Ruphin alisema, na kwa hili tumpe haki yake, alisema kwa sauti, na alirudia. "Hii ni ya kuonekana. Ya kucheka, ya kusema, ya foto. Haina ya kula. Haikuiva sana juu umeme ilikatika. Usiume nayo kintu ya nguvu."

"Kintu kimoja tu," Colette alisema. "Kidogo."

"Ata kimoja."

Lakini alikuwa amekwisha kuona sura yake kwenye kioo kilichotundikwa mlangoni, na tangu hapo hakusikia tena. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake. Alisema "Yesu" kwa sauti ndogo, mara moja na tena, na jina likatoka zima.

Alirudi nyumbani kikwembe kikiwa kiunoni, mahali pa kikwembe. Firmin alikuwa chini ya baiskeli kama kawaida. Colette alisimama mbele yake bila kusema, halafu akacheka. Akacheka kwa mdomo wazi, hivi hivi, bila sababu.

Firmin aliacha spana ikaanguka.

"Ah," alisema. "Njo weye ule."

"Ule gani?"

"Ule nilimuonaka mu kwaya." Akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, hakujua aiweke wapi. "Nilikuwa nafikiri ule alishaendaka."

Jaël alimkumbatia mama yake mpaka akamwinua. Jioni, Colette aliosha vyombo akiimba, wimbo wa zamani wa kwaya, na jirani akatoka uani kwake kuangalia nani anayeimba. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa ni furaha kubwa, na tunaisema hapa kwa sababu ilikuwa ya kweli, hata kama haikukaa.

*

Jumamosi ikafika. Uani walitandika turubai la bluu, wakapanga viti vya kukodi, na kinywaji cha munkoyo kilikuwa kwenye ndoo kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Upande wa kijana walikuja wengi, wakiimba tangu kona ya barabara, mbele yao baba yake Glody, Tata Théodore, ameshika jogoo kwa miguu. Mamie alikuwa amevaa kikwembe kipya cha kijani, akicheka huku na huku. Colette aliketi kwenye mkeka, kikwembe mdomoni kwa mara ya mwisho.

Jogoo alipokwisha kuchinjwa, Yaya Julie aliichemsha firigisi jikoni, tena na tena, na alipobaki peke yake aliichanja chanja kwa chini kwa ncha ya kisu. Alikuwa amemwonya mdogo wake, "Itafune na meno ya nyuma, usiipitishe mbele." Lakini jogoo wa kijijini ni jogoo wa kijijini. Na macho yote yalikuwa mbele.

Chakula kilipoanza kuzunguka, mtu mwenye kuangalia angeona kwamba Mamie aliacha mapaja na mifupa, akachukua ugali wa bukari na mchuzi na majani ya sombe, akila taratibu upande mmoja. Hakuna aliyeangalia. Walimwangalia Glody akipiga magoti, sahani ndogo juu ya viganja vyake viwili.

"Mama," alisema, "minye mutoto wako nimefika. Fungula kinywa, unibariki."

Colette alishusha kikwembe. Akatabasamu. Nyuma, wanawake wa kwaya waliokuja kushuhudia wakapiga vigelegele kabla ya wakati, maana wao walikuwa wanalijua lile pengo. Akachukua firigisi, akaitia kinywani, akaisukuma nyuma kama alivyofundishwa. Lakini ulimi wa mtu aliyekaa miaka bila kutafuna husahau njia. Nyama ikateleza ikaja mbele, akauma.

Mlio ulisikika ndani ya kichwa chake tu. Apareyi ilivunjika katikati. Nusu moja ilibaki ikining'inia kwenye ndoana yake. Nusu nyingine, yenye meno mawili na waya wake, ikaingia ndani ya nyama na kujisokota humo. Damu ikaanza kujaa kinywani, ya chumvi na ya moto.

Angeweza kuitema. Ni jambo dogo, kutema. Mbele yake Glody alikuwa bado magotini, amemwinulia uso wa mtoto anayengoja kuambiwa amefaulu. Kando, Mamie ameinama mbele na meno yake yote. Nyuma yake alisikia Jaël akishusha na kupandisha pumzi. Colette alifunga midomo, akafumba macho, akameza.

Ilikwama. Akameza tena kwa nguvu zote za shingo, mpaka mishipa ikasimama, na kitu kikashuka kikikwaruza njia nzima. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Tata Théodore akapiga makofi, "Amemeza! Amemeza mama!" Ngoma ikaanza.

"Mubarikiwe," Colette alisema. "Muzae. Mupendane." Lakini alikuwa amerudisha kikwembe mdomoni, na watu wakamcheka kwa upendo.

"Oh, mazoea!" Mamie alisema, akifuta machozi ya furaha. "Mama Jaël, tumeshakufungula, weye unajifunga tena!"

*

Firmin alipomuuliza usiku ule mbona pengo limerudi, alimwonyesha nusu iliyobaki. Ile nyingine, alisema, ilivunjika wakati wa kuosha, ikaenda na maji machafu. "Ruphin atatengeneza ingine." Firmin aliamini.

Kwa dada yake Colette alisema nusu ya ukweli: kuna mfupa wa kuku umemsimamia hapa, akaonyesha juu ya kifua. Na Julie alifanya kile ambacho mama yake alikifanya, na bibi yake. Alipika bukari ngumu, akaifinyanga matonge makubwa, akamwambia meza bila kutafuna, ndiyo yanasukuma mfupa. Colette akameza la kwanza akalia. Akameza la pili. Waya ule uliokuwa umegusa tu ukaingia ndani ya nyama yake.

Kwa siku zilizofuata alikunywa munkoyo na maji ya uji. Alikaanga mikate, akaenda sokoni, akaeleza kwa kidole kama zamani. Shingo ikaanza kuvimba. Harusi ya kanisani ilikuwa karibu, vitambaa vilikuwa kwa fundi, na kila Jaël alipomgusa paji la uso kumwona ana joto, alimwambia ni malaria tu, mutoto wangu, ni uchovu wa karamu.

Mpaka asubuhi moja alipotapika damu kwenye beseni la unga. Hapo Firmin alimbeba yeye mwenyewe, juu ya baiskeli ya mteja, akisukuma na kukimbia, Jaël akishikilia mgongo.

Hospitalini walimpiga picha ya eksirei. Daktari wa zamu aliishika juu dirishani, na Firmin na Jaël wakaangalia. Mifupa ya kifua ilikuwa ya kijivu, hafifu. Katikati yake, wima, yalionekana meno mawili na ndoana.

"Ni nini hii?" daktari aliuliza. "Iko mule tangu lini?"

 Firmin alikaa chini, sakafuni pale pale, watu wakimruka.

Kidonda kilikuwa kimekwisha kutoboka na uchafu umemwagika kifuani. Chombo cha kuitoa kilikuwa Lubumbashi, na gari la kumpeleka lilikuwa likitafutiwa mafuta. Jaël alikaa kitandani, akamlowesha mama yake midomo kwa pamba.

"Juu ya nini haukusema, mama? Juu ya nini?"

"Usiambie bako, batu ba Glody," Colette alisema. Maneno yalimtoka kwa upepo na kwa shida. "Batasema sikumeza. Batasema ilirudi."

"Haikurudi."

"Nilimeza yote?"

"Ulimeza yote, mama," Jaël alisema. "Bote baliona. Ulimeza yote."

Colette akatulia, kama aliyekuwa akilingoja hilo tu. Gari lilipopata mafuta hakukuwa tena na wa kusafirisha.

*

Kilio kiliwekwa uani pale pale, chini ya turubai lile lile la bluu. Yaya Julie hakukubali kuingia jikoni, alikaa ukutani akiangalia mikono yake iliyofinyanga matonge, na kila aliyemjia alimwambia, "Ni minye." Glody alikuja akamwambia kwamba si yeye, "Ni minye nilimupa na mikono yangu," na wakawa wanabishana hivyo, wakilia, kama wanaogombania kitu cha thamani.

Jaël na wanawake walikuwa wamemwosha mama yake na kumlaza. Kitambaa cha kufunga taya kilikuwa kimelegea, midomo ikaachana kidogo. Jaël akachukua kikwembe cha mama yake, kile kile, akamfunika mpaka chini ya macho. Watu wa upande wa kijana walikuwa wakiingia.

Mamie aliingia bila kicheko. Alipiga magoti kando ya maiti, akanyoosha mkono kutaka kumfunua usoni, kama inavyotakiwa kati ya bamama waliokwisha kufunguliana. Jaël alimshika mkono.

"Hapana, mama. Pardon. Hakupenda muangalie."

"Kuangalia nini? Banasema ni meno. Ni kweli? Ni meno tu?" Mamie aliuliza, na alikuwa ametoa macho. "Juu ya meno anakufa? Angesema! Nani angemucheka?"

Ndipo Jaël akasema, na hakusema kwa hasira. Hakuwa na nguvu ya hasira. "Minye nilimuambiaka asicheke. Na nyiye, mama, alikuwa nawaogopa. Alikuwa naangaliaka meno yenu ku soko. Alisema hataweza kufungula kinywa mbele yenu."

Mamie aliutoa mkono wake mikononi mwa Jaël. Wanawake wakaacha kuimba wakidhani amekasirika. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso. Akaingiza vidole viwili kinywani, akavuta ya juu, ikatoka na mlio mdogo wa mate. Akavuta ya chini. Zote mbili, nzima nzima, ufizi wa waridi na meno meupe yale ambayo soko zima liliyajua, akaziweka juu ya leso, kando ya maiti, mahali ambapo kila mtu angeona. Mashavu yake yakaanguka ndani. Mara akawa mwanamke mwingine, mzee, ambaye hata mwanawe Glody alikuwa hajawahi kumwona.

"Mama Jaël," alisema, na maneno yalimtoka kwa upepo, sawa kabisa na yale ya Colette. "Siko na ata moja. Tangu huyu Glody eko mudogo. Siko na ata moja, dada yangu. Ungeniuliza."

Akafungua kinywa chake kitupu mbele ya watu wote, akaanza kulia.

Jaël alimwangalia. Halafu akashika pindo la kikwembe, akakishusha polepole toka usoni kwa mama yake, akakikunja, akakiweka kiunoni kwa mama, mahali pake.